Kigelegele Chini ya Miti ya Plamu

Wale mlioiona ile video msinicheke kwanza, na wale mnaojifanya hamjaiona acheni kujifanya, maana kuanzia Samuye mpaka Shinyanga mjini sijakutana na mtu mwenye simu ambaye haijamfikia. Ndiyo, ni mimi. Yule mama mwenye koti la kuazima na kilemba, aliyepiga magoti kwenye kokoto mbele ya mama wa watu huku bwana harusi akiinuliwa pembeni, ni mimi Mama Kulwa, na niliaibika, siwezi kukataa, mashavu yaliniwaka moto kwenye baridi ile ya kuuma mifupa, lakini nimechoka kusimuliwa na watu ambao hawakuwepo, kwa hiyo leo nasimulia mwenyewe.

Mnajua kwamba kikundi chetu cha akina mama kinakausha viazi vitamu, yaani michembe, na maembe. Mnajua pia (na kama hamjui basi leo mjue) kwamba aliyeanzisha kikundi si mimi, ni Mama Shija, na yale mafunzo ya wiki sita ya kusindika matunda kule Japani yalikuwa yake, ila mumewe alivunjika mguu wiki tatu kabla ya safari, yeye akaniambia, "Nenda wewe, mimi utanitafutia nafasi mwakani." Nikamwahidi. Na kumtafutia nafasi hakukuwa kugumu, kwa sababu kwenye kile kituo kuna desturi kwamba siku ya kufunga mafunzo mmoja wenu anasema kwa niaba ya wenzake, na huyo msemaji anaruhusiwa kutoa ombi moja mbele ya mkurugenzi, na ombi likitolewa hadharani vile huwa halikataliwi. Tulikuwa sita kutoka nchi sita. Kumtafuta msemaji hakukuchukua hata dakika, wote walinigeukia mimi, sijui kwa nini (najua kwa nini, nyamazeni).

Sasa, kilikuwa kipindi ambacho kwao baridi inaanza kulegea lakini bado inauma, na miti ya plamu inatoa maua kabla hata ya kutoa majani. Msimamizi wetu, Dada Haruko, mama mmoja mwembamba mwenye haraka zake na ratiba mkononi, alisema hatuwezi kujifunza kuchachusha plamu bila kuona plamu ilikoanzia, hivyo kila Jumamosi anatupeleka sehemu moja ya kutazama maua. Jumamosi ya kwanza tulikwenda kwenye bustani iliyo chini ya ngome ya zamani, maua meupe kwa mamia, kila mti na kibao chake chenye jina kana kwamba ni mwanafunzi. Ya pili, kilimani nyuma ya jiji, maua mekundu, matawi yameinama mpaka chini, na harufu yake ukiivuta unasikia kama asali iliyochanganywa na kitu kichungu kidogo. Watu walikuwa wanakuja na watoto na wazee wao, wanasimama mbele ya mti mmoja, wanautazama. Kimya. Wanahamia mwingine, wanautazama. Kimya.

Mimi kimya kinanitesa. Kwetu ua la mwembe tunalitazama kwa kupiga hesabu ya maembe, na tukifurahi jirani wa tatu anajua tumefurahi. Nilimuuliza Dada Haruko kama hawa watu wamefurahi au wamefiwa, akasema wamefurahi sana. Nikasema haya.

Jumamosi ya tatu ndiyo yenyewe. Tulikwenda kwenye hekalu moja la kale lililozungukwa na miti ya plamu, maua ya rangi ya waridi na meupe yamechanganyika, kuna njia ya kokoto katikati, kuna kibanda wanauza chai ya moto na plamu za chumvi zinazokunja uso. Kwenye mkoba nilikuwa na kitenge kipya, doti nzima, nilichokibeba ili nipige nacho picha chini ya maua niwatumie akina mama kwenye kundi letu la simu. Huo ndio uamuzi wangu mdogo wa siku ile, kubeba kitenge. Laiti ningekiacha hosteli.

Nikiwa natafuta mti wa kupigia picha, nikasikia filimbi. Watu wakasogea pembeni ya njia. Dada Haruko akanong'ona, "Tuna bahati, kuna harusi." Na kweli, mbele alikuwa kuhani mwenye kofia nyeusi ndefu, nyuma yake wasichana wawili wa hekalu, halafu maharusi wenyewe chini ya mwavuli mwekundu mkubwa unaobebwa na mtu, binti kavaa nguo nyeupe nzito na kofia nyeupe imemfunika hadi machoni, anatembea hatua fupi fupi, kichwa chini. Nyuma yao safu mbili za ndugu. Dada Haruko akanieleza (bado namlaumu kidogo kwa kunieleza), "Safu ya kulia ni watu wa bwana, ya kushoto ni watu wa bibi."

Nikatazama. Safu ya kulia ilikuwa ndefu, wajomba, mashangazi, wanaume wenye suti nyeusi, wanawake wenye kimono. Safu ya kushoto alikuwa bibi kizee mmoja kwenye kiti cha magurudumu, anasukumwa na msichana wa hekalu. Basi. Hakuna mwingine.

Ndugu zangu, ninyi mmelelewa nilikolelewa mimi. Binti anatoka kwao, anakwenda kwa watu, na nyuma yake hakuna shangazi, hakuna jirani, hakuna hata mtu wa kukohoa! Kwetu binti wa hivyo hata kama hamumjui mnatoka majumbani mnamsindikiza, ili wale wa upande wa pili wajue ana watu. Moyo ulinishika, sikufikiria Japani wala nini, nilifikiria huyu mtoto anaingiaje ukweni peke yake namna hii. Kigelegele kikanitoka.

Na kilikuwa kigelegele cha kweli, si kile cha kanisani cha kuonea aibu. Filimbi ikanyamaza. Chisomo, mwenzetu wa Malawi, ambaye naye alikuwa amebana furaha kwa wiki tatu, akasikia akadhani imeruhusiwa, akadakia na cha kwake. Watalii wakapiga makofi, simu zikainuka juu, wakadhani ni sehemu ya harusi. Mimi nilivyoona wamepiga makofi nikapata nguvu (hapa ndipo mtu mwenye akili angesimama), nikakitoa kitenge mkobani, nikakikung'uta, nikakitandika njiani mbele ya maharusi, kama tunavyowatandikia wageni wetu wa heshima wakanyage.

Kuhani akakiruka. Kwa kweli alikiruka vizuri, mzee yule. Bwana harusi hakukiona, maana alikuwa ananitazama mimi, na ile suruali yake pana kama sketi ikanasa, kandambili moja ikabaki nyuma, akaenda chini goti moja, na katika kujishika akaushika mpini wa mwavuli. Mwavuli ukainama, ukalipiga tawi la plamu, maua yakamwagika kama mtu kapepeta mpunga juu ya vichwa vya watu wote, na kuhani alipogeuka kuona kuna nini, kofia yake ikadondoka. Kimya tena. Lakini safari hii kimya cha aina nyingine.

Na yule binti, nawaambia nilichokiona kwa macho yangu, aliinua pindo la nguo yake kwa vidole viwili, akakanyaga kitenge, mguu wa kwanza, mguu wa pili, akasimama katikati yake akimsubiri mumewe ainuke.

Hapo ndipo mama wa bwana harusi alipotoka kwenye safu akanijia. Uso wake haukuhitaji mkalimani. Na mimi, mtoto wa Samuye, mama mkwe wa watu akinijia nitamsalimia nimesimama? Nikapiga magoti kwenye kokoto, nikainamisha kichwa, nikamwambia, "Mwangaluka mayu." Nilikuwa namsalimia tu! Kumbe kule kupiga magoti chini namna ile si salamu, ni ombi la radhi la mwisho kabisa, la mtu aliyeua au aliyefilisi kampuni, na ukimfanyia mtu hadharani unamtia aibu yeye zaidi. Yule mama akashtuka, akainama anikatalie. Mimi nikaona mtu mzima ananiinamia, haiwezekani, nikashuka zaidi. Naye akashuka zaidi. Tuliendelea hivyo mpaka paji langu likagusa kokoto na kimono chake kikawa na vumbi, na simu zote zile zinarekodi, na Dada Haruko yuko pembeni ameshika ratiba yake kwa mikono miwili.

Jioni ile mkurugenzi akaita kikao. Yakaamuliwa mambo mawili: kesho yake nikaombe radhi kwa familia, na nikirudi nitie sahihi barua kwamba nilitenda bila kufikiri. Nisipotia sahihi, siwezi kuwa msemaji wa siku ya kufunga.

Tukaenda, mimi na Dada Haruko na boksi la keki lililofungwa kama zawadi ya mfalme. Tuliwakuta maharusi, mama wa bwana na yule bibi kizee wamekaa mezani. Nikasema niliyojiandalia, na Dada Haruko akatafsiri: "Naomba radhi kwa goti la bwana harusi, kwa kofia ya kuhani na kwa kimono. Kwa furaha siombi radhi." Dada Haruko alisita sana kwenye hiyo ya mwisho, na sina hakika aliitafsiri yote. Mama wa bwana akatazama chai yake. Bwana harusi alicheka, akafinywa.

Ndipo yule bibi akaanza kusema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia. Dada Haruko alisikiliza mpaka mwisho kabla ya kunigeukia, na macho yake yalikuwa yamebadilika. Akaniambia, "Anasema masikio yake yamekufa. Jana hakuisikia filimbi, hakumsikia kuhani, hakusikia viapo. Ile sauti yako aliisikia. Anauliza kama unaweza kuirudia."

Nikamtazama mama wa bwana. Akainuka, nikajua naondolewa. Kumbe alikwenda kufunga dirisha. Nikapiga, na bibi akafumba macho, na binti akamshika mkono, na mimi hata kabla sijamaliza nilikuwa nalia, nawaambieni ukweli, nilikuwa nalia vibaya.

Kwa hiyo Jumatatu waliponiwekea ile barua mezani na kalamu juu yake, niliishika kalamu. Msidhani sikumkumbuka Mama Shija, nilimkumbuka yeye na mguu wa mumewe na ahadi yangu. Sahihi moja tu, nasimama mbele ya watu, natoa ombi, mwenzangu anapata safari. Lakini barua ilisema nilitenda bila kufikiri, na mimi nilifikiri. Nilifikiri haraka, nilifikiri vibaya kuhusu suruali ya bwana harusi, lakini nilifikiri: huyu mtoto asiingie ukweni kana kwamba hana watu. Nikiandika kwamba haikuwa na maana, yule bibi alisikia nini? Nikaweka kalamu chini. Siku ya kufunga alisema Bwana Ramon wa Ufilipino, kwa kusoma kwenye karatasi, dakika nne, akaomba kituo kinunue mashine nyingine ya kukaushia. Kikakubali. Nilipiga makofi nikiwa safu ya mwisho karibu na mlango.

Nilivyofika hapa sikupita hata nyumbani, nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Shija. Nilimkuta uani anamenya viazi vya michembe. Nikamweleza yote, sikupunguza kitu, nikamwambia nafasi yako nilikuwa nayo mkononi na nimeiachia kwa sababu ya sahihi. Hakuacha kumenya.

"Nimekasirika, Mama Kulwa," akasema. "Usije ukadhani sijakasirika."

"Una haki."

Akamaliza kiazi kile, akachukua kingine. "Huyo binti. Ni kweli nyuma yake alikuwa bibi yake peke yake?"

"Peke yake."

"Na kitenge alikikanyaga?"

"Miguu yote miwili."

Mama Shija akanisukumia beseni na kisu cha pili. "Basi kaa umenye."

Kwa hiyo chekeni sasa, nimemaliza, tumeni tena hiyo video kwa ambao hawajaipata. Somo nimelipata: ugenini mtu anauliza kwanza. Naapa mbele yenu kwamba siku nyingine nikiiona harusi ya watu nitasimama pembeni, mikono nyuma, nitauliza kwa adabu kama inaruhusiwa, na wakisema hairuhusiwi nitanyamaza. Ila ile safu ya kushoto ikiwa na mtu mmoja tu, jamani, hapo sitamuuliza mtu.