Samaki Sita wa Mama Twaha

Hii aibu nimeibeba peke yangu ya kutosha, sasa wacha niitoe na waliosababisha niwataje, na wa kwanza ni dada yangu Karimi (najua atasoma, asome).

Msichana wangu Makena alipata mchumba wa Lamu, Twaha, fundi wa kuchonga milango, na huyo kijana akajenga hapa kwetu Kiirua nyumba ya kisiwani kabisa: mlango umechongwa maua juu hadi chini, baraza ya mawe nje ya kukalisha wageni, na ndani ya bafu birika, yaani tangi ya mawe na chokaa imejengwa kwa kona, maji unachota na kata unajimwagia. Watu walitoka mpaka sokoni kuja kuishangaa. Ilibaki mamake Twaha aje aone nyumba na sisi wenye msichana, kwa sababu kijana alisema wazi, bila radhi ya mama haoi.

Mama akafika jioni. Kesho yake asubuhi mimi nikaenda kwa hiyo nyumba kupika (nani alinituma? Makena angepika), nikaingia bafu ninawe uso, nikakuta samaki sita wadogo kama kidole wanazunguka ndani ya birika. Nikamwita Karimi. Mimi nimekulia githeri na mukimo, samaki nimekula mara mbili na zote mbili nikasakamwa na mwiba, lakini Karimi aliwahi kuosha vyombo kwa hoteli ya Mombasa mwaka mmoja, kwa hivyo pwani yote anaijua yeye. Akaniambia bila kupepesa macho kwamba watu wa huko wanataka samaki wa kupikwa akitoka majini, kwamba hii ni zawadi, na nisipoipika mama ataona tumemdharau.

Nikawavua na chujio ya chai. Nikakaanga mpaka wakakauka, nikawapeleka barazani mbele ya wazee wetu wote.

Mama Twaha akaangalia sahani. "Mama Makena, samaki hawa mumewatoa wapi?"

"Kwa bafu, mama," nikajibu, natabasamu kabisa.

Twaha akaweka kikombe chini. Makena ndiye akanieleza (na huyu pia namlaumu, hayo yalikuwa maneno ya kuniambia jana) kwamba hao hawaliwi, wanakaa kwa birika kula mayai ya mbu, na mama amewatoa kwa birika ya nyumba yake mwenyewe, akawabeba njia yote, ili nyumba ya mwanawe ianze nao. Shemeji yangu Kaimenyi, aliyekuwa ameshachukua mmoja, akaacha kutafuna.

Ningenyamaza hapo. Lakini mdomo wangu ukasema, "Sasa mama, na hii baridi ya Kiirua, mbu wangetoka wapi?"

Akajifunika uso na leso, mabega yakaanza kutikisika. Nikajua harusi imeenda, na Makena hataniita mama tena. Kumbe anacheka.

"Basi wangekufa njaa," akasema, "umewapunguzia mateso." Akamgeukia mwanawe. "Oa, Twaha. Lakini samaki wengine, mkweo atawafuata mwenyewe Lamu."

Nilienda. Kurudi nilisafiri siku mbili na ndoo ya samaki mapajani, kila abiria ananiuliza kama wanauzwa. Makena akaolewa. Na tangu hapo, nikiwa kwa nyumba ya watu, kitu chochote kinachopumua nauliza kwanza kina kazi gani.