Siku Mama Mdogo Alipotoka Stoo

Siku hizi naishi Igoma, nauza ndoo na mabeseni, na mvua kwangu ni habari ya matope ya barabarani tu. Lakini upepo ukibadilika ghafla mchana, bado nainuka nitazame juu. Miaka yangu mizuri niliishi mwaloni, ufukweni mwa ziwa, upande wa Igombe, nikianika dagaa. Na katika miaka hiyo, iliyo mizuri kuliko yote ni ile niliyoishi na mama mmoja wa Kongo ambaye muda wake wa kukaa nchini ulikuwa umekwisha zamani.

Alikuja kununua dagaa, kama wenzake wengi wanavyokuja. Walikuwa kundi la wanawake kutoka Uvira, wenye vitenge vizito na vicheko vya kusikika mpaka majini. Yeye alipangisha chumba kwangu ili asubiri mzigo ukauke. Nilikuwa nimejifungua juzi yake tu. Mama yangu alishafariki, mama mkwe alikuwa Sengerema na ng'ombe wake, na mume wangu alikuwa kambi ya uvuvi visiwani. Nilikuwa nalia kwa sababu maziwa hayatoki, na mtoto analia kwa sababu hiyohiyo.

Yule mama alisimama mlangoni akatusikiliza. Aliinjika sufuria ya maji, akanikanda mgongo na tumbo kwa maji ya moto mpaka nikamtukana, kisha akanipikia uji na kusimama juu yangu mpaka nimalize. Mzigo wake ulipokauka, aliwakabidhi wenzake waende nao. "Mi niko naenda kitovu kikianguka," aliniambia.

Kitovu kikaanguka. Akasema ataondoka mtoto akikaa. Mtoto alipokaa, akasema haiwezekani kumwacha kabla hajasimama, kwa sababu mimi mwenyewe nabeba mtoto kama gunia. Hapo nilicheka, na ukweli ni kwamba nilifurahi. Nilimwita mama mdogo, na binti yangu alipoanza kusema alimwita bibi. Hakuna aliyemfundisha.

Tuligombana kila siku, hasa jikoni. Alitia mawese kwenye kila kitu. Kisamvu alikitwanga mpaka majirani wakauliza kama tunajenga. Ugali wangu wa mahindi aliula kwa huruma, akiutazama kabla ya kila tonge, na mimi nikamwambia kama hautaki arudi kwao. Alikuwa akisusa kwa nusu saa, halafu nasikia anamwimbia mtoto huko nje, na mimi napika tena kitu anachokipenda bila kusema kwamba nimeomba radhi. Jioni tulikaa juu ya magunia tukichambua dagaa, tukisema watu. Nilikuwa na furaha ambayo sikuijua kuwa ni furaha.

Suala la kibali chake tulilijua. Tuliligusa mara mojamoja, kisha tukalifunika. Wakati nikiwa mtoto, serikali ilimfahamu mgeni kupitia mjumbe wa nyumba kumi, mzee aliyepita jioni kuuliza nani amefikia kwenu na atakaa mpaka lini. Naye alikaribishwa chakula, akala na huyo mgeni, na ikawa vigumu sana kumwona kuwa ni tatizo. Sisi tuliendelea kuishi kwa mawazo ya mzee yule. Tulisahau kwamba siku hizi pasipoti ikigongwa mpakani kuna kompyuta inayohesabu, na kompyuta haili ubwabwa wa mtu. Ilijua siku aliyoingia. Ilikuwa bado inangoja siku ya kutoka.

Walikuja maofisa wawili wa uhamiaji, mwanamume na mwanamke, wamevaa nguo za kiraia lakini viatu vyao vilisema kila kitu. Mama muuza chai aliwaona mapema, na habari ikafika kwangu kabla yao. Nilimsukuma mama mdogo ndani ya stoo ya magunia, mtoto akiwa amelala mgongoni kwake, nikafunga mlango na kukaa mbele yake kwenye ndoo. Kama wangempata, angerudishwa kwao na kuzuiwa asirudi tena. Hilo tulilielewa wote, hata bila kuambiwa.

Yule mwanamume alinisalimia vizuri, kisha akanionyesha picha kwenye simu yake. Ilikuwa sura ya mama mdogo, amekunja uso kama wakati anaonja chakula changu.

"Dada, huyu mama unamfahamu?"

"Wanunuzi wanakuja wengi, afande. Wote wana nyuso."

"Tumeambiwa anaishi hapa."

"Waliowaambia ndio wawaonyeshe."

Nina mdomo, sikatai. Yule mwanamke alitabasamu kidogo. Hawakunitisha wala kuvunja mlango wa mtu. Walisema watasubiri, wakakaa kwenye benchi la muuza chai na kuagiza chai na maandazi. Nikajisemea, wasubiri mpaka waote mizizi. Stoo ilikuwa na hewa, mtoto alikuwa amelala, na mama mdogo alikuwa mtu wa subira kuliko mimi.

Ndipo upepo ukageuka. Nilisikia ubaridi shingoni, nikatazama ziwani na kuona mvua inakuja wima, nyeupe, bila hata ngurumo ya kutuonya. Dagaa wangu wote walikuwa nje, na wa majirani pia, ambao siku hiyo walikuwa wamekwenda msibani. Dagaa aliyekaribia kukauka akipigwa mvua hana kazi tena, labda umuuze kwa chakula cha kuku. Kwa hiyo mwaloni kuna desturi moja ambayo hata maadui wanaifuata: mvua ikija, kila aliye karibu anaanua, na haulizi dagaa ni wa nani.

Nilikimbilia chanja za kwanza, zile tulizotandazia nyavu za kuanikia. Nilikuwa peke yangu upande ule, navuta nyavu na kuzikunja, najua kabisa kwamba sitawahi hata robo. Kisha nikasikia mlango wa stoo.

Alitoka na mtoto mgongoni, gunia mkononi. Aliwaona wale wawili. Najua aliwaona, kwa sababu alipita mbele ya benchi lao. Hakwenda kwangu. Alikwenda kwenye dagaa wa majirani waliokuwa msibani, akapiga magoti kando ya wavu uliotandazwa chini na kuanza kuzoa kwa mikono miwili. Nilipiga kelele, "Rudi ndani!" Akanijibu bila kuinua kichwa, "Anua, weye!"

Yule mwanamume alisimama. Nilidhani anamfuata. Akavua viatu, akakunja suruali, akashika upande wa pili wa wavu. Alivyoukunja nilijua amekulia pwani ya ziwa hili. Mwenzake naye akaja, kisha muuza chai, na tukaanua wote mvua ikitupiga migongoni. Dagaa wengi walipona.

Tulijibanza chini ya bati, tumelowa chapachapa. Mama mdogo akapangusa mikono kwenye kitenge. "Aksanti kwa kunisaidia," akamwambia yule afande. Yeye akatazama chini. Ni yule mwanamke aliyesema, kwa sauti ya chini, "Mama, inabidi twende." Na aliponieleza kwamba tungefika ofisini kwao mapema, kabla hawajaja kumtafuta, labda kibali kingerekebishwa, nilitaka kumpiga, kwa sababu alikuwa anasema kweli.

Mama mdogo alifungua mbeleko, akamhamishia mtoto mgongoni kwangu na kuifunga mwenyewe, akikaza fundo mara mbili. Binti yangu hakuamka. Gari liliondoka na mimi nimesimama palepale, naogopa kujigeuza asije akaamka akamtafuta. Siku chache baadaye walimpeleka mpakani kupitia Busisi, wakati huo bado watu wanavuka kwa kivuko.

Siku za kwanza mtoto alimlilia, kisha akazoea. Mimi sijazoea. Tunapigiana simu, na tunagombana kidogo ili tusisahau namna ya kufanya. Majuzi alipiga, akaomba aongee na mjukuu wake. Binti yangu, ambaye sasa anakwenda shule na ana adabu zake, alishika simu kwa mikono miwili.

"Shikamoo," alisema, kama anavyomwamkia mtu mzima yeyote anayepita njiani.

Kule upande wa pili marahaba ilifika kwa sauti ya chini. Mtoto akanirudishia simu na kutaka kwenda kucheza. Nilimshika mkono kwa hasira, nikamwambia huyo ndiye bibi yake, ndiye aliyemlea na kumbeba mgongoni.

Akanitazama, hajaelewa nimekasirikia nini.

"Lini?" akauliza.