Kisanduku cha Petroli

Kisanduku kilifika wiki ya tano baada ya kaka yangu kupatwa na kiharusi. Alikuwa amekiagiza mwenyewe kutoka ng'ambo, kwa simu yake, wakati mikono yake yote miwili bado inafanya kazi. Waliopiga simu kusema mzigo uko tayari walizungumza na mke wake, wifi yangu, naye akaenda mjini kuuchukua akidhani ni dawa. Nilipofika kwao mtaani Kaptembwo, Nakuru, Jumamosi hiyo, boksi lilikuwa mezani, limefunguliwa, na ndani yake kitu cheusi kinachotoshea kiganjani, chenye nyaya zilizofungwa kwa mpira.

"Hii ni nini?" wifi aliniuliza.

"Ni ya pikipiki."

"Ya kufanya nini?"

"Inaongeza petroli. Ama inapunguza. Inategemea."

Alinitazama, akarudi kuangalia sufuria yake.

Kaka yangu ni fundi wa pikipiki. Boda boda nyingi za upande huo wa mji zimepita mikononi mwake. Yake mwenyewe ilikuwa tofauti: pikipiki kubwa, ndefu, ya silinda moja, aliyoinunua ikiwa imeharibika kutoka kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Aliifufua kidogo kidogo kwa miaka mitatu. Miezi michache kabla ya kuugua aliitoa ekzosi yake nzito, lile bomba la moshi, akaweka nyingine nyepesi, na tangu hapo injini ilianza kukohoa. Ukiachilia mafuta inapiga mlio kama risasi nyuma. Ukiongeza inasitasita kwanza, kama mtu aliyeitwa jina asilolijua. Ekzosi mpya ilikuwa inapitisha hewa nyingi, na kompyuta ya pikipiki ilikuwa bado inapima petroli ya ile ya zamani. Ndiyo maana aliagiza kisanduku. Hukaa katikati ya kompyuta na injekta, ile pua ndogo inayonyunyizia injini petroli, na kubadilisha kipimo kabla hakijafika.

Halafu asubuhi moja alianguka garajini akiwa ameshika spana. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vilikufa ganzi. Maneno hayakumpotea yote, ila yalichanganyika. Akitaka maji alisema kiatu. Akitaka kiatu, siku nyingine alisema kiatu.

Nilipigiwa simu nikiwa kazini Olkaria, kwenye mabomba ya mvuke wa kuzalisha umeme. Kazi yangu ni kusoma geji za presha na kuhakikisha vipimo havidanganyi. Nilisikiliza, nikasema sawa, nikakata simu. Nilimaliza geji zilizobaki, nikaandika, nikasaini, ndipo nikaenda kuomba ruhusa. Msimamizi wangu aliniuliza mara mbili kama nimeelewa nilichoambiwa. Nilikuwa nimeelewa. Kuelewa hakukuwa na shida. Ila hakuna kitu kilichofuata baada ya kuelewa, na wiki tano baadaye kilikuwa bado hakijafuata. Nilikula, nililala, niliamka chumbani kwangu Karagita nikapanda basi la kazi. Wikendi nilikuja Nakuru, nikamgeuza kaka yangu kitandani, nikamnyoa ndevu. Watu walinisifu kwamba nina roho ngumu.

Jumamosi ile nilikichukua kisanduku nikamwonyesha kaka yangu. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki barazani. Alikishika kwa mkono wa kushoto, akakigeuza, akakitazama chini na juu. Kisha akanirudishia na kuelekeza kidevu kwenye turubai iliyofunika pikipiki uani.

"Nifunge?"

"Ndio," alisema. Ndio na hapana hayakuwahi kumpotea.

Nilijifunza kushika spana kwake, na kuendesha pia, kwa hiyo haikuwa ajabu. Nilitoa kiti, nikainua tangi, nikalitegemeza kwa kipande cha mbao. Nilitafuta soketi ya injekta, nikaichomoa, nikaingiza nyaya za kisanduku katikati. Waya mweusi ulikwenda kwenye betri. Mwingine ulikwenda kwenye kihisio kinachojua mkono umefungua mafuta kiasi gani. Mwisho nilifunga kihisio cha pili kwenye ekzosi, kile kinachonusa moshi na kukiambia kisanduku kama petroli imezidi au hewa ndiyo imezidi. Kaka yangu alifuata kila nilichofanya. Nikishika spana isiyofaa alikuwa anapiga goti lake kwa kiganja. Nikibadilisha aliacha.

Mkono wangu uligusa injini yenye moto nilipokuwa naijaribu. Niliona ngozi imebadilika rangi, nikaendelea kukaza. Ni mwenzangu kazini aliyeniuliza Jumanne, "Na hiyo ni nini?" ndipo pakaanza kuuma.

Kesho yake, Jumapili, nilileta laptopu. Kwenye skrini kisanduku huonyesha jedwali: kushuka chini ni mwendo wa injini, kwenda kando ni kiasi mkono ulivyofungua, na ndani ya kila chumba kuna nambari ya petroli ya kuongeza au kupunguza. Mafundi huliita ramani. Nilipenda kulitazama. Lilikuwa na mamia ya vyumba na hakuna kimoja kilichoniuliza hali yangu.

Niliwasha injini. Kihisio kikasema hewa imezidi. Niliongeza petroli. Kikasema bado hewa imezidi. Niliongeza tena. Kufikia saa sita uwanja mzima ulikuwa unanuka petroli, wapangaji wenzao walikuwa wameanua nguo kwenye kamba, na injini ilikuwa inatoa moshi mweusi huku ikiendelea kupiga risasi. Nilitoa plagi, ile inayowasha petroli kwa cheche, nikaikuta nyeusi tititi. Plagi ilikuwa inasema petroli imezidi. Kihisio kilikuwa kinasema hewa imezidi. Nilikiamini kihisio, kwa sababu mimi kazi yangu ni geji.

"Mlango," kaka yangu alisema.

Nilidhani moshi unamsumbua. Nilifungua mlango wa nyumba upana wote.

"Mlango!" alisema tena, kwa nguvu, akitikisa kichwa.

Nilimwita wifi, tukamshika makwapani tumwingize ndani. Alikataa. Alijikaza mwili, akanisukuma kwa mkono wake mmoja, na machozi yakaanza kumtoka, ya hasira, kwa jicho moja zaidi ya lingine. "Mlango, mlango, mlango." Tulimwingiza hivyohivyo. Wifi alimlaza, akamfunika, kisha akatoka nje akasimama mbele yangu.

"Niambie kitu kimoja. Ulikuja kumwona ndugu yako ama ulikuja kuona pikipiki?"

"Yeye ndiye alisema nifunge."

"Yeye anasema kiatu akitaka maji!" Alishusha sauti kwa sababu ya majirani. "Tangu aanguke hujatoa hata chozi. Hata moja. Mimi nakuangalia tu. Unakuja, unaosha, unapiga pasi, unaenda. Saa hii unampigia kelele ya injini kwa masikio siku nzima. Wewe ni mtu wa aina gani?"

Nilimwambia, "Pole, wifi," nikafunika pikipiki kwa turubai, nikarudi Karagita.

Wiki hiyo sikulikumbuka kwa makusudi, lakini neno lile la mlango lilikuwa linakuja lenyewe nikiwa kwenye mabomba. Sikulielewa. Nilijua tu kwamba hakuwa anataka kuingia ndani.

Jumamosi nilimkuta tayari yuko barazani, amevaa viatu. Wifi alisema amekataa chai mpaka avalishwe. Nilipofika alichukua fimbo yake, akajiinua. Wifi alimkimbilia. Tangu augue alikuwa hajatembea zaidi ya hatua tano, na kutoka baraza hadi kwenye pikipiki ni kama kumi na mbili. Tulimshika huku na huku. Mguu wa kulia ulikuwa unaburuta mchanga. Alipofika aliondoa turubai kwa ncha ya fimbo, akaigonga ekzosi pale inapoungana na injini. Akaigonga tena, polepole, kama mwalimu anayeonyesha ubaoni.

"Mlango," alisema.

Nilipiga magoti. "Hapa? Pamefunguka?"

"Ndio."

"Hewa inapita hapa?"

"Ndio. Ndio. Ndio."

Nilichanganya maji na sabuni, nikapaka kwenye kiungo hicho injini ikiwa baridi, wifi akabonyeza kitufe cha kuwasha. Mapovu yakatoka mara moja, madogo madogo, upande wa chini ambao sikuwa nimewahi kuuangalia. Ekzosi ilikuwa inavuja. Kila injini inapopumua ilikuwa inavuta hewa ya nje kupitia ufa huo, kihisio kinainusa na kulalamika, nami naongeza petroli juu ya petroli. Yeye alikuwa ameusikia kwa sikio, akiwa kwenye kiti, wiki moja kabla.

Nilifungua nati. Gasketi iliyokuwa ndani, ile pete ya kuziba kiungo, ilikuwa ya zamani, imebondeka, imekatika sehemu moja. Nilimtazama. Huyu ni mtu aliyekuwa akiwafukuza vijana garajini kwa kurudisha gasketi iliyokwisha tumika.

Aliinamisha kichwa. "Mimi," alisema.

"Ulirudisha ya zamani?"

"Ndio." Kisha akatafuta neno kwa muda mrefu, mdomo ukijaribu maumbo. "Haraka," alisema, na lilikuwa neno lenyewe.

Wifi alicheka. Lilikuwa jambo la kwanza kumchekesha mbele yangu tangu mumewe aanguke. Alikuwa amekaa chini kwenye mchanga, ameshika mguu wa mumewe, anacheka na kujipangusa macho. Nami nilijua hapo ni mahali pa kucheka, nikatabasamu.

Nilienda mjini kutafuta gasketi kwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye kilemba, ambaye familia yake imeuza vipuri hapo tangu kabla hatujazaliwa. Aliipata bila kuangalia rafu.

"Fundi iko aje sasa?"

"Ameanza kutembea kidogo."

"Naongea?"

"Kidogo."

Aliifunga gasketi kwa gazeti, ingawa ilikuwa na pakiti yake. "Ambia yeye mimi nauliza."

Jumapili asubuhi nilifunga gasketi mpya, nikafuta nambari zote nilizokuwa nimeongeza nikaanza upya. Safari hii kihisio na plagi vilikubaliana. Nilifunga laptopu ndani ya mkoba mgongoni, nikaacha kisanduku kirekodi, nikaelekea barabara ya Njoro. Nilipanda mlima upande wa Mau, mashamba ya ngano kushoto na kulia, nikashuka, nikapanda tena kwa gia nyingine. Kila nikisimama kando ya barabara nilifungua skrini nikarekebisha vyumba vichache. Huku juu hewa ni nyepesi. Palihitaji petroli kidogo kuliko ramani ya kiwandani ilivyodhani. Mara ya nne nilipoachilia mafuta kwenye mteremko, nyuma palikuwa kimya. Hakuna risasi. Nilijaribu tena ili nihakikishe. Kimya. Nilikuwa najua kwamba ni kitu kizuri. Mashamba yalikuwa ya kijani na upepo ulikuwa baridi, na nilivijua vyote viwili kwa njia hiyohiyo.

Niliporudi alinisikia kutoka mbali. Wifi aliniambia baadaye kwamba aliinua kidole kimoja kabla yeye hajasikia chochote, akakiacha juu mpaka nikaingia getini.

Alitaka kupanda. Wifi alisema haiwezekani, mtaalamu wa mazoezi wa hospitali atatuua. Kaka yangu alielekeza kidevu kwenye kiti cha pikipiki. Mwishowe wifi mwenyewe ndiye aliyesema, "Basi mimi nitamshikilia kiuno. Wewe shika mguu."

Tuliisimamisha kwenye stendi ya katikati, tukampandisha. Alikaa. Nikawasha. Mkono wa kuongeza mafuta uko kulia, na mkono wake wa kulia ulikuwa umelala pajani. Aliutazama. Kisha akauvusha ule wa kushoto mbele ya kifua, akainama, akashika usukani wa upande wa pili, akafungua polepole. Injini ilipanda bila kusita popote, mstari mmoja kutoka chini hadi juu, na akairudisha chini vilevile. Alifanya hivyo mara tatu, macho ameyafumba. Wifi alikuwa ameegemeza paji la uso mgongoni mwake. Mimi nilishika mguu wake wa kulia, mzito, wa moto, na nikahisi injini ikitetemeka kupitia mfupa wake mpaka kwenye viganja vyangu. Hilo nililihisi. Lilikuwa dogo, lakini nililihisi.

Alizima mwenyewe.

"Uza," alisema.

Nilijua maneno yake yanavyopotea, kwa hiyo nilimuuliza kwa kila njia. "Uza nini? Hii?"

"Ndio."

"Hutaki tuiweke mpaka upone?"

"Hapana."

"Ndiyo sababu ulitaka itengenezwe? Iuzwe ikiwa nzima?"

"Ndio," alisema, akiwa bado ameketi juu yake.

Aliyeinunua ni daktari wa mifugo kutoka Molo, mtu mpole, mwenye glavu nzuri. Aliiendesha mpaka barabara kubwa akarudi akiwa amefurahi, akamwamkia kaka yangu kwa mkono wa kulia, kisha akajisahihisha akatoa wa kushoto. Nilimweleza kuhusu kisanduku: asikichomoe, na akibadilisha ekzosi tena itabidi ramani nayo ibadilishwe. Aliandika kila kitu kwenye daftari. Alipoondoka tulimsikiliza mpaka kwenye kona ya kwanza, halafu tukamsikiliza mpaka ya pili.

Wifi alilia. Kaka yangu alimpapasa bega kwa mkono wake mzuri, akamwambia neno fulani ambalo halikuwa lenyewe, naye akalielewa. Mimi nilikusanya vikombe, nikaviosha, nikavipanga kichwa chini juu ya kitambaa. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa mlima Menengai. Niliwaaga wote wawili, nikatoka kuelekea steji ya matatu kabla mvua haijafika.