Behewa la Makabwela

Kaanaeli wa Sekei alikuwa fundi seremala mwenye chuki za kutosha kugawia kijiji kizima na nyingine zikabaki za akiba. Alimchukia mchungaji kwa sababu mahubiri yake yalikuwa marefu kuliko reli ya Tanga. Alimchukia jirani yake wa kushoto, na jogoo wa jirani, na vifaranga ambao hawakuwa wameanguliwa bado. Lakini hizo zilikuwa chuki ndogo za kunolea meno. Chuki yake kubwa, ile aliyoitunza kama mgomba wa uani, akaitilia samadi na kuipogolea majani makavu, ilikuwa ya Bwana Filimbi.

Jina halisi la Bwana Filimbi liliandikwa kwenye geti la shamba lake la kahawa huko Tengeru, na hakuna mtu aliyelitamka bila kutema mate, wengine kwa bahati mbaya. Alikuwa mlowezi. Kahawa yake iliangaliwa na watu wengine, kwa kuwa yeye hakuwa na nafasi. Alikuwa anacheza.

Ndiyo, anacheza. Katika ghala la zamani la kahawa alikuwa amesimamisha meza iliyotoka ukuta hadi ukuta, na juu ya meza akatandaza reli yenye upana wa vidole viwili, kutoka Arusha hadi Tanga, stesheni zote zikiwemo. Kila Jumamosi alivaa kofia ya khaki, akapuliza filimbi, na kagarimoshi kadogo kutoka Uingereza kakaanza kuzunguka, kakinguruma kama paka mwenye mafua. Mtu wa miaka hamsini na minane, mwenye masharubu meupe! Wazungu wenzake watatu, wagonjwa wa ugonjwa uleule, walikuja na viti vyao kutazama.

Lakini Bwana Filimbi hakuwa na raha, maana viwanda vya Uingereza vilitengeneza mabehewa ya Uingereza tu. Behewa la abiria la njia ya Tanga halikuuzwa duniani kote. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akiviandikia viwanda barua, akiorodhesha mabehewa anayoyatamani, na viwanda vikamjibu kwa adabu kwamba hakuna mtu anayeyataka isipokuwa yeye. Ndipo akamtafuta Kaanaeli.

Kaanaeli alikuwa amefanya kazi miaka saba Tanga, katika karakana ya reli, akitengeneza milango na mabenchi ya mabehewa ya kweli. Aliondoka huko baada ya kumwambia msimamizi wake kwamba kichwa chake kingefaa kuwekwa chini ya garimoshi kama gurudumu, kwa vile kilikuwa kigumu, cha mviringo, na kitupu katikati. Akarudi nyumbani, akanunua randa na patasi, akafungua karakana chini ya paa la majani ya migomba. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko ulimi wake, na hilo si jambo dogo.

Akamchongea Bwana Filimbi behewa la daraja la kwanza, kwa mti wa mringaringa, lenye vitasa vya mlango vidogo kama punje za ulezi. Bwana akalitazama kwa kioo cha kukuzia, akasema, "Hii karibu zuri." Miaka miwili alimfanyia kazi na hakuwahi kusikia sifa kubwa kuliko hiyo.

Ugomvi wa kweli ulianzia kwenye mlima. Ilikuwa mwaka hamsini na tatu, na Wameru walikuwa bado na kidonda kibichi cha Ngarenanyuki, ambako serikali iliwang'oa kwenye ardhi yao na kuzichoma nyumba zao ili walowezi wapate malisho. Anande, shangazi yake Kaanaeli, alikuwa mmoja wa waliong'olewa, na sasa alilala jikoni kwa mpwa wake, akiota moto bila kusema. Wakati huohuo Bwana Filimbi akaagiza Mlima Meru wa magunia na plasta, wa kusimama nyuma ya stesheni ya Arusha. Kaanaeli akaujenga. Akaupaka rangi, akaupandia migomba ya nyuzi, na katikati ya migomba akabandika nyumba, kila moja sawa na punje ya mahindi.

Bwana akachukua kibanio, akazing'oa nyumba moja moja.

"Nyumba hapana," akasema. "Nyumba haribu mlima."

Kaanaeli alisimama pale akitazama. Alikuwa anazihesabu.

Mwezi uliofuata barua ikaja. Kiwanda kimoja cha Uingereza kilikuwa kimechoka kukataa. Kilisema: tuletee mfano wa mbao wa behewa moja la huko kwenu, moja tu, nasi tutalitengeneza kwa bati na kuliuza madukani. Bwana Filimbi alicheza dansi peke yake barazani. Aliyemwona ni Ephraimu, mpishi wake, Mchaga wa Machame aliyesoma Kiingereza misheni na kuziona barua zote za bwana wake kama gazeti lake binafsi.

"Jumamosi wanachagua," Ephraimu alimwambia Kaanaeli jikoni. "Mmoja anataka behewa la gavana. Mmoja behewa la kulia chakula. Yule mnene anataka la kulala, labda kwa sababu analala kila mahali. Watapigana, fundi. Mimi nitapika keki nikae nitazame."

"Na la daraja la tatu?"

Ephraimu alicheka hadi unga ukaruka. "La tatu! Nani atamnunulia mtoto wake behewa la makabwela? Ninyi Wameru bwana, mkipewa sikio mnataka na hereni."

"Bora sisi tunataka. Ninyi mkipewa sahani mnaiosha."

"Toka jikoni kwangu."

Kaanaeli akatoka. Kwa wiki nzima hakufanya kazi ya mtu. Alifunga mlango wa karakana, na mkewe Susana alisikia patasi tu, kwa-kwa-kwa, kama kigogota mwenye wazimu. Alichokitaka kilikuwa kitu kimoja: behewa lile lisafiri. Wazungu walikuwa wameweza kutengeneza mlima bila Mmeru; sasa wangetengeneza reli bila Mmeru, na kuipeleka madukani, na watoto wa Uingereza wangekua wakiamini kuwa garimoshi la Tanga hubeba magavana na supu. Hapana. Walisukume na sisi tukiwa ndani.

Jumamosi, wakati wale wanne walikuwa wameshafika mahali pa kutukanana kuhusu behewa la gavana, Kaanaeli akaingia ghalani bila kubisha hodi, akaweka behewa lake juu ya reli.

Lilikuwa la daraja la tatu, na paa lake lilifunguka kama kifuniko cha sanduku. Ndani kulijaa watu. Mama mwenye mkungu wa ndizi. Mzee aliyesinzia juu ya bega la mtu asiyemjua. Mbuzi, ambaye kanuni za reli hazimruhusu, chini ya benchi. Na kwenye pembe ya nyuma, wanawake watatu wamesimama wameshika khanga kama pazia, na nyuma ya pazia mwanamke mmoja anazaa.

Hilo hakulitunga. Siku aliyokuwa anarudi na mkewe kutoka Tanga, kabla ya kufika Moshi, Susana alishikwa na uchungu kwenye benchi lile. Mama mmoja muuza machungwa alikata kitovu kwa kisu cha kazi yake. Mtoto alikuwa wa kike, na kwa sababu kulikuwa kunakucha, mama yake, ambaye kwao ni Mwarusha, akamwita Naeku. Kwa hiyo Kaanaeli alilijua benchi hilo kwa mkono na kwa magoti.

Wageni walicheka. Bwana Filimbi hakucheka. Aliinama na kioo chake, akatazama kwa muda mrefu, kisha akainuka na uso wa mtu aliyemkamata mwizi.

"Mabenchi mabaya," akasema. "Wewe weka kando ya ukuta. Kweli yeye kaa mbili mbili, tazama mbele. Mimi iko na picha."

"Picha ya wapi, Bwana?"

Ilikuwa ya Uingereza. Mgeni mnene akasema hapana, daraja la tatu halina mabenchi kabisa, watu hukaa chini. Wa pili akasema lina mabenchi ila halina madirisha. Wa tatu akaapa kuna jiko. Watu wanne waliohesabu misumari ya kila behewa la reli ile, wanaojua rangi ya mapazia ya gavana, walibishana robo saa juu ya kitu kinachopita mbele ya mashamba yao kila wiki.

"Bwana," akasema Kaanaeli, taratibu, kama anayemlisha mgonjwa uji, "katika miaka yote hii umewahi kupanda?"

Masharubu yakatetemeka. "Mimi? Panda ile?"

"Basi leo garimoshi liko stesheni, linaondoka saa kumi. Twende ukapime. Nikiwa nimekosea, behewa langu nitalichoma mwenyewe hapa mbele yako. Nikiwa sikukosea, ndilo liende Uingereza."

Tuseme ukweli hata kama unauma: Bwana Filimbi alimdharau Kaanaeli, lakini behewa lenye kosa lilimnyima usingizi. Akachukua kofia na futi ya kupimia. Wageni wakapanda gari mbele, Kaanaeli akatupwa nyuma pamoja na kreti tupu za bia.

Stesheni ya Arusha ilikuwa imejaa. Bwana Filimbi akapanda ngazi za daraja la tatu kama mtu anayeingia mtoni asikojua kina, na shingo zote ndani zikageuka. Mama mmoja mfanyabiashara kutoka Kibosho, Hedwiga, aliyekuwa na kikapu cha mayai magotini, ndiye aliyepata sauti kwanza.

"Umepotea, baba? Viti vyenye godoro viko kule mbele."

"Mimi pima," akasema Bwana, akapiga magoti.

"Anapima nini?"

"Anapima makalio yetu," akadakia mtu mlangoni, "wapunguze na benchi kama walivyopunguza mashamba."

Kicheko kilichopasuka hakikuwa cha furaha. Watu hawakusogeza miguu. Bwana alitambaa kati ya magunia, akapima benchi la ukuta wa kulia, la ukuta wa kushoto, na lile la katikati lenye migongo miwili. Alipokuwa anainuka, kichwa chake kikagonga kikapu cha Hedwiga.

"Mayai yangu! Mzungu wewe, utakaa hapa mpaka uyatage mengine!"

Alitoka na kiini kinamtiririka shingoni. Kaanaeli alikuwa anamngojea chini, mikono nyuma.

"Benchi iko kando ya ukuta," akasema Bwana Filimbi. Yalimtoka kama jino.

"Sikusikia, Bwana."

"Wewe sikia!"

Walirudi Tengeru. Ghalani, Bwana akaliweka behewa mezani, akafungua paa, akachukua kisu kidogo.

"Behewa itakwenda. Lakini watu hapana. Kiwanda nataka behewa, hapana taka watu."

Akaingiza ncha ya kisu chini ya mama mwenye ndizi, akasukuma. Benchi likalia kraa! na ufa ukakimbia kutoka kwa mama hadi kwa mzee anayesinzia.

"Gundi gani hii?"

"Si gundi," akasema Kaanaeli. "Benchi na watu ni mti mmoja. Sikuwabandika, niliwachonga humohumo. Ukimtoa mmoja unatoa na kiti. Endelea, Bwana. Behewa la daraja la tatu lisilo na watu sijawahi kuliona, na nimefanya kazi miaka saba. Litakuwa na kosa."

Mkono wa Bwana Filimbi ulitulia hewani. Aliutazama ufa. Alimtazama Kaanaeli, na kama macho yangekuwa patasi, fundi angekuwa kinu. Behewa la gavana, ambalo Kaanaeli alilichonga mwaka uliopita, lilikuwa palepale kwenye rafu, limekamilika, halina mtu wala kosa. Lakini alikuwa amelipokea shindano mbele ya wenzake, na zaidi ya hapo, alikuwa ameshalipima lile la tatu. Alijua sasa lilikuwa sahihi hata kwenye kwato za mbuzi. Mtu wa namna yake, ukishampa kitu sahihi, umemfunga kamba.

"Litakwenda," akasema mwishowe. "Na wewe kwenda. Hapa usirudi. Mimi ona wewe geti yangu, mimi piga bunduki."

"Nitapigilia sanduku misumari mwenyewe, kisha niende. Sikuamini."

"Mimi pia hapana amini wewe."

Hapo walikubaliana kwa mara ya kwanza. Kaanaeli akaziba ufa kwa gundi na vumbi la mbao, akapigilia sanduku misumari ishirini na minne ambapo minane ingetosha, na Jumatatu akasimama posta ya Arusha saa mbili nzima, akimkodolea macho karani hadi mzigo ulipopigwa muhuri na kuingizwa ndani.

Alipofika Sekei, Susana alikuwa anamenya ndizi mlangoni. Shangazi Anande alikuwa jikoni kando ya moto, mahali pake.

"Umefukuzwa," akasema Susana. Hakuuliza.

"Nimefukuzwa, mama Naeku. Lakini limekwenda. Wameshindwa kumtoa hata mbuzi. Watalitengeneza kwa bati, maelfu. Mama mwenye ndizi, yule mzee, na wewe."

Kisu cha Susana kikasimama kwenye ganda.

"Mimi nani?"

"Wewe. Kule nyuma. Siku ya Naeku."

"Baba Naeku." Alisimama polepole, ndizi zikamdondoka mapajani. "Umenipeleka Uingereza nikiwa nazaa?"

"Kuna khanga."

"Nimeivaa?"

Kaanaeli alifikiri. Ukweli haukuwa upande wake. "Wameishika wanawake wengine. Lakini kwa upande wa dirishani—"

"Maelfu," akasema Susana. "Watoto wa wazungu, maelfu, na vidole vyao. Wananisukuma huku na huku nimetanua miguu!"

Jikoni, kwa mara ya kwanza tangu afukuzwe Ngarenanyuki, shangazi Anande akaanza kucheka, akacheka hadi akashika ukuta. Susana hakucheka. Alikuwa anatafuta mwiko.