Fadhili wa Beu na kisu anachokiombea ruhusa kila asubuhi

Moshi wa makaa bado umelala chini juu ya komini ya Beu, jijini Beni, na Fadhili anamaliza kunoa kisu chake. Anakijaribu kwa ukucha wa gumba. Anakifuta kwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Halafu, badala ya kumshika mbuzi, anamgeukia Halima, dada yake mkubwa ambaye humwita yaya, na kumpa kisu, mpini mbele.

"Leo banasema?" Halima anauliza.

"Banasema, yaya, lakini mbali. Kama redio ya jirani."

"Nani anaendesha kichwa, weye ao bao?"

"Ni miye."

Halima anamtazama machoni, hana haraka, kama mtu anayechambua mchele. Akisharidhika, anamrudishia kisu. Mbuzi wa kwanza analazwa, anaelekezwa Kibla, na Bismillahi ya Fadhili inasikika mpaka kwa akina mama wauza sombe, majani ya muhogo, ng'ambo ya barabara.

Hao "wanaosema" ni sauti ambazo Fadhili peke yake anazisikia. Ana miaka thelathini na sita, na tangu ujana wake anaishi na ugonjwa uitwao skizofrenia. Ni mchinjaji, mtoto wa mchinjaji, na ngozi inayotoka mkononi mwake haina tundu hata la kupitisha sindano.

"Miye ni Mukatoliki, ningeweza kununua popote," anasema Vagheni, mwenye mgahawa, akichagua paja. "Lakini huyu anachuna mpaka mbwa hapana pata kitu ya kulamba chini. Mbwa ya hapa yote inamuchukia!"

Fadhili anacheka bila kuinua kichwa.

Haikuwa hivi siku zote. Ugonjwa ulipomwanza, alitoka nyumbani bila viatu akatembea mpaka Mavivi, nje ya jiji, akibishana na watu wasioonekana. Akasomewa dua, akanyweshwa mizizi. Mwishowe Halima akampeleka hospitali ya Butembo, na huko sindano za kila mwezi zikazituliza zile sauti. Madaktari, wakitaka kuhakikisha hakuna uvimbe kichwani, walimpiga pia picha ya ubongo.

Picha hiyo ndiyo iliyomponza.

Fadhili alirudi nayo Beni kwa furaha ya mtoto aliyefaulu mtihani. Akaitundika kwenye ndoana ya nyama, katikati ya machinjio. "Muone! Mulikuwa munasema Fadhili hana ubongo. Huu hapa!"

Wachinjaji wakaizunguka, wakaiinua juani. Watu hawa hupasua vichwa kila siku, kwa hiyo waliisoma kama wanavyosoma kichwa cha mbuzi. Katikati waliona nafasi mbili nyeusi, kama mabawa ya kipepeo.

"Hii ni maji," akasema mzee Muyisa, mkubwa wao. "Ni kama mbuzi ya kuzunguka."

Kila mchinjaji anamjua mnyama huyo. Hutembea akizunguka pale pale, na ukimpasua kichwa unakuta mfuko wa maji umekalia mahali pa ubongo. Na kwa kuwa mchinjaji sharti awe na akili timamu, jioni hiyo Fadhili alinyang'anywa kisu. Kwa miaka miwili aliosha matumbo tu, akilipwa kwato na mikia.

"Ile iliniuma kupita ugonjwa," anasema. "Kisu ni ya baba. Aliniachia ile tu."

Halima hakukubali. Alimsihi Shehe Hamisi, imamu wa mtaa wao, mpaka akapanda nao gari la Butembo kwenda kuwasikia watu wa hospitali kwa masikio yake.

Muuguzi Kanyere aliwapokea, akabandika picha mbili kwenye kioo cha dirisha. "Shehe, onyesha ya mugonjwa."

Shehe akavaa miwani. Akatazama huku, akatazama kule, akanyoosha kidole kwenye ile yenye weusi mpana zaidi.

"Pole, Shehe. Ile ni yangu. Baliipiga siku nilianguka na pikipiki."

Halima alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitenge. Shehe mwenyewe alishindwa kujizuia.

"Ile byumba ya maji, kila mutu iko nayo," Kanyere akawaeleza. "Bamunganga balipima batu bengi sana. Kwa bagonjwa ba hii ugonjwa, byumba inakuwaka mikubwa kidogo, na ubongo mudogo kidogo. Lakini ile inaonekana ukiweka batu bengi pamoja. Kwa picha ya mutu mumoja, hapana weza sema huyu ni mugonjwa, huyu ni muzima. Na haikuambii kama anajua kazi yake."

"Basi picha tuiache," akasema Shehe. "Lakini kisu haina macho. Siku akili yake haiko, nani atajua?"

Fadhili akajibu mwenyewe: "Mutaniuliza. Kila asubuhi yaya ataniuliza, na sitadanganya."

Kule Beni jibu hilo lilichekwa. Nani amewahi kumsikia mgonjwa wa akili akisema leo siko sawa? Kwa neno la Shehe Fadhili alirudishiwa kisu, lakini kila jicho lilikuwa juu yake.

Ikaja Tabaski, yaani Idi ya kuchinja, ya mwaka jana. Mbuzi wamepangwa ukutani, wenye mbuzi wamevaa kanzu mpya, na kazi ya siku hiyo hulisha nyumba kwa muda mrefu. Fadhili akanoa, akafuta, akampa Halima mpini. Halima akauliza.

Fadhili akausukuma mpini urudi kwake.

"Leo beko karibu, yaya. Baki nayo."

Akaenda kukaa ukutani na kanzu yake nyeupe, akawatazama wenzake wakichinja mpaka jua likafika utosini. Hakuna aliyemcheka. Mchana mzee Muyisa alimjia na paja limefungwa katika jani la mgomba, akaliweka magotini pake.

"Hii ni fungu ya muchinjaji," akasema, akaondoka.

Tangu siku hiyo, wageni wakiuliza kama ni kweli mchinjaji ana ugonjwa wa kichwa, Muyisa huwajibu: "Njo maana tunamuamini. Weye, nani anakuulizaka asubuhi?"

Tabaski inakaribia tena. Tumaini la Fadhili ni moja: kusimama mbele ya watu wote na kisu cha baba yake. Shehe Hamisi amekwisha kumwekea kondoo wake mwenyewe.

Na zile sauti zikija karibu siku hiyo?

Shehe anavua miwani, anaipangusa polepole kwa ncha ya kanzu.

"Tabaski iko na siku ya kuchinja zaidi ya moja," anasema. "Kondoo yangu itamungojea."