Seva ya Ukoo Chini ya Ngazi

Kila familia ina mtu wake wa mitambo, na katika familia moja ya Coimbatore, kusini mwa India, mtu huyo alikuwa Ilamaran, aliyejiteua mwenyewe. Baada ya kustaafu kazi ya bima alitazama video za mafunzo mpaka macho yakavimba, akaitia diski mpya kompyuta kuukuu, akaiweka chini ya ngazi na kuitangaza kwenye kundi la familia kuwa seva ya ukoo. Ingetunza picha za wote, ingeonyesha sinema kwenye televisheni, ingezuia matangazo. Kufikia sasa ilikuwa imefaulu kutoa joto.

Asubuhi ya sikukuu ya zana, mji mzima unapoosha mashine zake, kuzipaka msandali na kuziacha zipumzike, dada yake Kanagavalli alifika na simu iliyojaa pomoni. Humo alikuwa ameweka jumbe za sauti za marehemu mama yao: umekula, huko mvua imenyesha, mbona hupigi.

"Mama yumo humu," alisema. "Usije ukampoteza."

"Dada, hii si kabati. Ni seva."

"Kabati langu halijawahi kunipotezea kitu."

Ilamaran akaunganisha simu na seva kwa kebo. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye kioo, taratibu, kama mtumishi wa serikali. Ulikuwa umepita nusu kidogo mkewe, Poongodi, alipoita kutoka barazani.

"Saa njema ya ibada inapita. Pikipiki imezimwa, mashine ya kusaga imezimwa. Limebaki lidude lako tu. Au lenyewe halichoki?"

Ilamaran angeweza kusema subirini. Lakini wangemuuliza mpaka lini, naye hakujua.

"Imeshaingia yote," akamwambia dada yake. "Futa tu."

"Una hakika?"

"Fundi ni nani hapa?"

Kanagavalli akafuta. Ilamaran akachomoa plagi kama mtu anayechomoa pasi, akaipaka seva msandali na doa la unga mwekundu, akaiwekea kisahani cha bisi za mchele. Ilipendeza kweli.

Kesho yake aliiwasha. Salamu za asubuhi zenye picha za mawaridi zilikuwa zimefika zote salama. Sauti ya mama haikuwamo hata moja. Akaiazima simu ya dada yake bila kumweleza sababu, akaipeleka kwa fundi wa mjini, ambaye aliikagua, akairudisha bila kudai malipo, na hilo lilimtisha Ilamaran kuliko maneno.

Njiani kwenda kwa dada yake alitunga maelezo: umeme, kebo mbovu, diski ya bandia. Alimkuta anafua.

"Dada, ile kebo..." alianza, kisha akashindwa. "Ilikuwa haijamaliza. Niliona. Nikakwambia ufute."

Kanagavalli alikamua kitambaa hata pale ambapo hapakuwa na maji tena.

"Kwa nini hukusema tungoje?"

"Niliona aibu, mbele yenu."

"Sasa je, huoni?"

Ilamaran akaiweka kando ya beseni simu aliyoiazima.

"Watoto wa jamaa yetu Shanmugam wanataka kukupa picha za harusi uwatunzie," Kanagavalli alisema, bila kumtazama. "Waambie. Sasa hivi, nikikuona."

Matangazo ya Ilamaran kuhusu seva yalikuwa marefu, yenye vichwa vidogo. Hili aliliandika amesimama kando ya beseni: "Msifute kitu kwenye simu zenu. Sauti za mama nimezipoteza mimi."

Kanagavalli akasubiri mpaka ujumbe ukaonekana umetumwa, ndipo akaendelea kufua.