Kola ya Mama Feza

Harufu ya pasi ya makaa ikipita juu ya kitambaa kipya hunirudisha Kasongo, mashariki mwa Kongo, kwenye kibanda cha baba yangu, fundi cherehani. Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi, naye alikuwa amepewa kazi ya kushona kanzu za korali ya kanisa. Alipenda kutania kwamba kanzu zao na zetu za msikitini zinatofautiana kola tu.

Ijumaa moja Mama Feza, mwimbaji wa korali, alikuja kujaribu kanzu yake akakuta tumefunga kibanda kwa swala. Alingoja juani mpaka hasira ikampanda. Baba aliporudi, mama huyo alimpasulia mbele ya majirani.

"Papa Mwajuma, munafunga kazi juu ya kuomba, kuomba gani? Dini yenu iko ya wauza-watu. Na yule Mutume wenu ndiye aliwafundisha."

Nilimtazama baba, nikingoja angurume.

"Pardon, Mama Feza," alisema. "Kesho kanzu itakuwa tayari."

Basi, ikaishia hapo. Niliona haya kuwa Mwajuma, binti yake.

Baba alipokwenda kununua uzi, nilichukua mkasi nikaikatakata kola ya ile kanzu, nikianza kwa bismillahi kama mtu anayechinja kuku. Nilijiona nimeutetea Uislamu wote.

Baba alirudi, akaona, akakaa kitini. Hakunipiga, heri angenipiga.

"Huyu mama anaimba Jumapili," alisema. "Kitambaa cheupe kimeisha, na mimi nimeshamwahidi."

Kisha alileta kanzu yake mwenyewe ya Ijumaa, akakata kipande kizima cha chini, akashona kola mpya.

Kesho yake tulikwenda kwa Mama Feza. Baba aliniamuru niseme mwenyewe nilichofanya, nami nikasema huku nikilia. Mama Feza aliipapasa ile kola. Ndipo baba akazungumza, polepole.

"Mama, neno lako liliniuma sana. Wauza-watu walikuwako, sikatai, na walikuwa wanaswali. Lakini babu ya baba yangu aliuzwa kule Nyangwe, kwenye soko la watumwa, akingali mutoto. Yeye naye aliswali mpaka kufa. Sasa hii dini utasema ni ya nani?"

Habari hiyo sikuwa nimeisikia kamwe.

"Sikujua, Papa Mwajuma," alisema Mama Feza. "Nilisema vibaya. Unisamehe." Halafu akanitazama. "Na huyu mutoto, musimupe tena mkasi."

Baba alicheka kwanza, nami nikacheka na kamasi puani. Jumapili nilisimama nje ya kanisa kuitazama ile kola ikiimba. Ijumaa iliyofuata wazee msikitini walimpongeza baba kwa kanzu fupi, wakidhani ameifupisha kwa uchamungu.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile ya matusi baba aliogopa. Leo najua aliumia kuliko mimi, ila hakutaka kujibu kabla hajapata neno la kweli.

Wiki iliyopita binti yangu alinionyesha kwenye simu matusi dhidi ya Mtume, vidole vyake tayari vikiandika jibu. Mkono wangu nao, nakiri, ulitafuta mkasi. Nikamwomba aweke simu chini, nikaitoa sandukuni kanzu ya babu yake. Aliipima mwilini, akauliza kwa nini ni fupi hivi.